Kwa Nini Maneno ya Mwimbaji wa Panki Hayasikiki Ukumbini

Mimi ni fundi wa mitambo ya sauti, na hupiga pia gitaa la besi katika bendi ndogo ya panki (punk, roki ya kasi na ya kelele) hapa Nairobi, bendi ya watu ambao riziki yao haitoki kwenye muziki. Bendi changa huniuliza mara kwa mara ni kwa nini nyimbo zilizopendeza kwenye chumba cha mazoezi hugeuka kelele tupu zikifika baa, huku mwimbaji akionekana anafungua kinywa tu. Wengi wameshaamua kwamba tatizo ni mitambo ya ukumbi. Wakati mwingine ni kweli, lakini mara nyingi bendi yenyewe haijatambua kwamba katika ukumbi wa watu sitini au themanini ni ala zinazopaswa kushushwa ili zimpishe mwimbaji, kwa sababu mwimbaji hawezi kupandishwa bila kikomo ili azifikie ala. Hasara yake ni kubwa katika muziki huu kuliko katika aina nyingine nyingi, maana muziki wa panki huishi kwa maneno: Crystal Axis wa hapa Nairobi wameimba kuhusu unyama wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji huko Kongo, na wimbo wa namna hiyo usiposikika maneno yake umebaki nusu.

Kikomo hicho kinatokana na jambo rahisi. Mpiga dramu anayepiga kwa nguvu hupita desibeli 100 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) pale alipoketi, bila kutumia umeme wowote. Gitaa lina amplifaya yake jukwaani, na besi vivyo hivyo, kwa hiyo katika ukumbi mdogo kitu pekee kinachotegemea kikamilifu spika za ukumbi ni sauti ya binadamu. Fundi akiendelea kuipandisha sauti hiyo, kinachotoka kwenye spika huingia tena kwenye maiki, kikakuzwa upya, kikatoka tena kikubwa zaidi, mpaka maiki inapiga yowe. Pale yowe linapoanzia ndipo ukumbi huo unapoishia, na hata fundi hodari anaweza kupasogeza kidogo tu.

Namna ya kupasogeza huanzia mkononi mwa mwimbaji. Maiki kama Shure SM58, ambayo imekuwapo tangu 1966 na ambayo utaikuta karibu kila baa yenye jukwaa, husikia vizuri mbele na karibu haisikii kitu nyuma, na ndiyo maana spika ya mwimbaji huwekwa sakafuni mbele yake, ikitazama mgongo wa maiki. Uziwi huo wa nyuma unategemea matundu yaliyo chini ya kichwa cha maiki. Waimbaji wa panki hupenda kukifumbata kichwa hicho kwa viganja viwili, wakayaziba matundu, na maiki ikaanza kusikia kila upande: spika ya sakafuni, matoazi, hata amplifaya ya gitaa. Nimewasihi wengi waishike kwenye mpini. Wachache hukubali, kwa kuwa picha hupendeza zaidi ikifumbatwa. Jambo la pili ni umbali. Kila umbali kati ya mdomo na maiki unapoongezeka maradufu, sauti inayoingia hupungua kwa takriban desibeli 6, kwa hiyo mwimbaji anayerukaruka huku maiki ikielea mbali na kinywa amejipunguza mwenyewe kuliko fundi yeyote angeweza kumpunguza.

Baada ya mwimbaji, ninamwendea mpiga dramu, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwingine kote. Ninamwomba apige kama atakavyopiga usiku, na mwimbaji aimbe kwa kiwango cha juu ambacho maiki inavumilia. Maneno yasiposikika wakiwa wawili tu, hayatasikika magitaa yakiingia. Adui hapo mara nyingi ni matoazi, wala si ngoma zenyewe, kwa sababu mlio wa matoazi hukaa pale pale zilipo konsonanti kama s, t na k, zile zinazotuwezesha kutofautisha neno moja na jingine. Isitoshe, mwimbaji husimama mbele ya dramu na mdomo wa maiki yake huelekea nyuma, yaani moja kwa moja kwenye matoazi. Mpiga dramu aliyekomaa hupiga ngoma kwa nguvu na matoazi kwa wepesi, na huo ni ustadi unaochukua muda kujifunza, kwa sababu hasira ya muziki humvuta mtu kupiga kila kitu sawasawa. Asiyeufikia bado anaweza kutumia vijiti vyembamba, au kusogeza dramu kando kidogo ili zisikae nyuma ya mwimbaji moja kwa moja. Na avae vizibo vya masikio: taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inashauri mtu asikae kwenye desibeli 100 zaidi ya dakika 15 kwa siku, na mazoezi yetu wote huzidi hapo.

Wapiga gitaa huamini kwamba amplifaya kubwa ndiyo suluhisho. Amplifaya ya wati 100 inaizidi ya wati 50 kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huisikia kwa shida. Tatizo halisi ni mahali amplifaya ilipowekwa. Spika ya gitaa hurusha milio mikali mbele yake kama tochi, na ikiwekwa sakafuni milio hiyo humpita mpiga gitaa magotini, naye, akidhani gitaa lake limefifia, huongeza ukali na sauti, huku watu wa safu ya mbele wakichomwa masikio. Ninaipandisha amplifaya juu ya kreti ya soda na kuiinamisha kidogo nyuma imtazame mwenyewe usoni. Mara nyingi huipunguza kwa hiari yake. Mkwaruzo wa gitaa (distortion) nao upunguzwe kuliko ule wa chumbani, maana ukizidi nota hukosa makali na gitaa hutandaa juu ya maneno. Besi isikae kwenye kona, kwa sababu kuta mbili zikikutana huivimbisha.

Umeme ni suala fupi lakini la hatari. Kuna watu hukata pini ya athi, ile inayopeleka ardhini umeme uliovuja, kwenye plagi ili kuondoa mvumo wa amplifaya. Wasifanye hivyo kamwe. Mpiga gitaa anayeimba hushika nyuzi na kugusa maiki kwa mdomo, na vifaa hivyo viwili vikiwa na volti tofauti, yeye ndiye anayekuwa waya. Ninapima volti kati ya nyuzi na kichwa cha maiki kwa mita kabla mtu hajaimba, na ninarudia iwapo ukumbi umehamia kwenye jenereta.

Kuhusu muda, bendi ndogo hupewa kama nusu saa, na inatosha: albamu ya kwanza ya Ramones, bendi ya panki ya Marekani, ya 1976, ina nyimbo 14 na haizidi dakika 30. Kinachokula usiku ni mabadilishano kati ya bendi, kwa hiyo dramu na amplifaya hutumiwa na wote, kila mpiga dramu akija na sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali), pedali ya kupigia ngoma kubwa na matoazi yake. Bendi ya mwisho hujaribu mitambo kwanza na ya kufungua hujaribu mwisho, ili vifaa vyake vibaki tayari jukwaani.

Katika jaribio hilo sipendi mwimbaji aseme "moja, mbili" kwa upole kisha usiku apige kelele mara kumi zaidi. Ninaiomba bendi nzima ipige kiitikio chenye vurugu kuliko vyote, na kiwango ninachokiweka hapo ndicho ninachokiacha hadi wimbo wa mwisho.