Raga ya Mataifa Sita haina fainali

Wapenzi wengi wa raga huamini kwamba mashindano ya Mataifa Sita ya Ulaya huishia kwa fainali, kama Kombe la Dunia. Dhana hiyo ina chanzo chake: mara nyingi bingwa hujulikana siku ya mwisho, na kombe hukabidhiwa papo hapo uwanjani.

Lakini hii ni ligi. England, Scotland, Wales, Ireland, Ufaransa na Italia hukutana kila moja na mwenzake mara moja tu: mechi 5 kwa kila timu. Anayeongoza jedwali ndiye bingwa. Mfano ninaoupenda sana ni wa 1973, timu zilipokuwa bado 5. Kila moja ilishinda mechi zake 2 za nyumbani na kufungwa 2 za ugenini, basi zote zikagawana taji! Kungekuwa na fainali, hilo lisingewezekana.

Ukitaka kuhakiki, chukua ratiba ya msimu wowote tangu 2000, Italia ilipojiunga, uhesabu. Utapata mechi 15, na timu za mechi ya mwisho zimeshaandikwa kabla ya mpira wa kwanza kupigwa.