Acheni Kufuta Namba Hasi

Nimetumiwa tena jedwali la mng'ao wa supanova, yaani nyota iliyolipuka, ambalo karibu nusu ya mistari yake haipo. Nikamuuliza mwenyewe mistari mingine imekwenda wapi. Jibu likawa lile lile ninalolisikia kila mara: "Zilikuwa namba hasi, na mwanga hauwezi kuwa hasi, kwa hiyo nilizifuta." Huyu si mgeni wa falaki. Fizikia anaijua, programu anaandika, na anajiandaa kwa bidii kwa data za mwanzo za darubini ya Rubin. Ndiyo maana inaniuma. Imani hii huwapata hasa watu makini, kwa sababu mtu akifuta hasi huona amesafisha data.

Mengine niyapitie haraka. Rubin iko Cerro Pachón, Chile: kioo cha mita 8.4, kamera ya megapikseli 3,200, miaka 10 ya kulipiga picha anga la kusini kwa vichujio sita. Hakuna wa kuomba usiku wake. Wapi pa kutazama huamuliwa na programu ya ratiba, darubini inageuka, na wewe unaletewa jedwali. Picha zilizotolewa Juni 2025, ile ya nebula za Trifid na Lagoon kwa mfano, ni nzuri na nazipenda, lakini kazi yako ya kila siku haitakuwa na picha za namna hiyo. Itakuwa na safu za namba, kwa nanojanski, yaani kizio kidogo cha kupimia mng'ao. Karibu kila ninachofundisha kwenye maandalizi haya ni namna ya kuzisoma namba hizo bila kuzionea.

Haya, tuje kwenye hasi. Mng'ao wa kitu kinachobadilika hupimwa kwenye picha ya tofauti, yaani picha ya leo ikitolewa picha ya rejea ya sehemu hiyo hiyo. Pasipobadilika kitu, kinachobaki ni kelele, yaani kuyumba kwa vipimo kwa bahati nasibu, na kelele hucheza pande zote mbili za sifuri. Picha moja ya Rubin kwa kichujio cha r, kile cha mwanga mwekundu, ina kelele ya nanojanski mia moja na kidogo kwa chanzo kinachoonekana kama nukta, mfano nyota. Tuseme umepima sehemu tupu mara nane, ukapata 92, −140, 31, −58, 163, −107, −12 na 25. Wastani ni −0.75, yaani sifuri kwa kipimo chochote cha maana. Sasa futa hasi. Zinabaki namba nne, na wastani wake ni karibu 78. Ukiugeuza kuwa magnitudi, kipimo cha mng'ao walichokizoea wanafalaki, unapata 26.7. Umetangaza kuwepo kwa kitu mahali ambapo hapana chochote.

Wengi hudhani data zikiwa nyingi kosa hili litamezwa. Halimezwi. Kelele ya kawaida ikikatwa kwenye sifuri, wastani wa kilichobaki ni karibu 0.8 ya kelele yenyewe, uwe na vipimo 8 au 800. Na 800 ndiyo takriban mara ambazo kila sehemu kuu ya anga inatarajiwa kupigwa picha katika miaka hiyo 10. Vipimo vikiongezeka, kinachopungua ni upana wa shaka tu. Thamani yenyewe inabaki pale pale, imepotoka, na wewe unazidi kuiamini.

Shina la tatizo nalijua: ni magnitudi. Kupata magnitudi ya AB kutoka nanojanski, unachukua logi ya mng'ao, unazidisha kwa −2.5, unajumlisha 31.4. Logi ya namba hasi haipo. Programu inarudisha pengo, mchoro unakataa, na mtu anaona njia ya mkato ni kuweka sharti la "kubwa kuliko sifuri" juu kabisa ya programu yake, kisha analisahau. Jambo hili lina historia. Mwaka 1999 wanasayansi Lupton, Gunn na Szalay walipendekeza magnitudi ya fomula nyingine, isiyovunjika karibu na sifuri, na mradi wa Sloan wa kupima anga ukaitumia. Rubin inakupa mng'ao wenyewe kwenye jedwali, magnitudi ni hiari yako. Basi kaeni kwenye mng'ao. Magnitudi iwe ya kuchorea mhimili wa mchoro wa mwisho, hesabu zote zikiwa zimekwisha.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki, maana hata wanaoikubali hoja ya kelele hukisahau: kuna hasi ambazo ni habari za kweli kutoka angani. Picha ya rejea hutengenezwa kwa kuunganisha picha za awali, na mwaka wa kwanza wa darubini mpya picha za awali ni za majuzi tu. Kama supanova ilikuwa ikiwaka wakati zinapigwa, mwanga wake umo ndani ya rejea. Itakapofifia, kila picha mpya itatoa tofauti hasi, tena huenda ikapita kelele mara kumi. Supanova hiyo ipo na unayo mkononi, ila imekuja na alama ya kutoa. Nyota za Cepheid na RR Lyrae, ambazo mng'ao wake hupanda na kushuka kwa mapigo, ni vivyo hivyo: rejea inakaribia wastani wa mng'ao wake, kwa hiyo sehemu kubwa ya mzunguko nyota itakuwa chini ya rejea. Ukifuta hasi umefuta karibu nusu ya mapigo yake, halafu unashangaa kwa nini kipindi chake hakitulii. Programu ya Rubin yenyewe hutafuta vyanzo hasi kama inavyotafuta chanya, kwa kizingiti kile kile cha sigma 5, yaani mara tano ya kelele, na huvitolea arifa. Waliobuni mfumo huo walikuwa na sababu.

Kwa ajili hiyo hiyo miezi ya mwanzo ni migumu kuliko inayofuata. Mfumo umejengwa kutoa arifa hadi milioni 10 kwa usiku, lengo likiwa kila arifa itoke ndani ya sekunde 60. Lakini pasipo na rejea hapana tofauti, na pasipo na tofauti hapana arifa. Maeneo mapana ya anga mwanzoni yatakuwa kimya hata kama vitu vinalipuka humo. Ukiandika makala kuhusu wingi wa supanova bila ramani inayoonyesha rejea ilikuwa wapi, tangu tarehe gani, kwa kichujio gani, utakuwa umepima ratiba ya darubini.

Na tafadhali, pengo si sifuri. Kamera hubeba vichujio vitano kwa wakati mmoja kati ya sita, kwa hiyo kukosa kipimo cha u, kichujio cha urujuanimno, kwa siku kadhaa mfululizo kunaweza kumaanisha tu kwamba kichujio cha u hakikuwemo. Nawaona watu wakijaza mapengo hayo kwa sifuri ili algoriti ya kuainisha ifanye kazi. Algoriti hiyo sasa imefundishwa kwamba kitu kilizimika ghafla kisha kikawaka tena.

Pa kuanzia papo. Rubin ina matoleo ya data ya kujizoeza, yanayoitwa DP. DP0.2 ni anga la kuigiza la nyuzi mraba 300, na uzuri wake ni kwamba ukweli unajulikana. Chukua supanova zilizopandikizwa humo, endesha programu yako pamoja na hasi, kisha bila hasi, ulinganishe tarehe za mlipuko unazopata na zile za kweli. Baada ya hapo nenda DP1, iliyotoka tarehe 30 Juni 2025: picha 1,792 za anga halisi, zilizopigwa mwishoni mwa 2024 kwa kamera ndogo ya majaribio ya megapikseli 144. Ni sehemu saba tu za anga, lakini mojawapo ni kundi la nyota la 47 Tucanae, ambamo nyota zimesongamana kiasi kwamba programu yoyote inayojiamini itatikisika.

Humo ndimo utakapokutana na upande wa pili ambao vitabu huupitia juu juu: kuna hasi ambazo ni kasoro kweli. Picha mbili zisipolingana sawasawa, nyota angavu huacha jozi, doa jeupe na doa jeusi yamegusana ubavu kwa ubavu. Karibu na galaksi kubwa, programu ikikadiria mwanga wa anga kupita kiasi, eneo zima huzama chini ya sifuri, na hapo hakuna wastani utakaokuokoa. Kwa hiyo sitetei kila hasi. Ninachokataa ni kuifanya alama ya kutoa kuwa kigezo. Tumia bendera za ubora, yaani alama za tahadhari zilizo kwenye jedwali, pima umbali kutoka nyota angavu, fungua kipande cha picha ukitazame kwa macho yako. Kigezo chochote utakachoweka, kikate chanya na hasi sawasawa.

Hata safu ya kelele kwenye jedwali siiamini moja kwa moja. Rejea hupindwa ili ilingane na picha ya leo, na kule kupindwa hueneza kelele ya pikseli moja kwa jirani zake. Hesabu nyingi huchukulia kwamba kila pikseli ina kelele yake peke yake, na hivyo kelele inayoandikwa inaweza kuwa ndogo kuliko ya kweli. Sijaona suluhisho linaloniridhisha kwa kila hali. Ninachofanya ni kuchagua nukta mia kadhaa za anga tupu karibu na chanzo, kupima mng'ao hapo ingawa hapana kitu, kugawanya kila kipimo kwa kelele yake iliyoandikwa, kisha kutazama mtawanyiko. Ukiwa 1, safu inasema kweli. Ukiwa 1.3, nazidisha safu nzima ya kelele kwa 1.3 kabla ya kugusa kitu kingine. Na hesabu hiyo haifanyiki bila vipimo vyote, vya juu na vya chini ya sifuri.