Refa hapimi kishindo: maneno ya jukwaani kuhusu faulo za basketi

Ukikaa pale ukumbi wa Makande, Mombasa, siku timu ya basketi ya bandari, KPA, wanacheza utakuta marefa wa jukwaani ni wengi kuliko wa uwanjani, na sheria yao ni moja tu, ati mtu akianguka kwa kishindo basi hiyo ni faulo isiyo ya kimichezo, ile nzito kuliko ya kawaida, asipoanguka hakuna kitu. Haiko hivo bana.

Sheria tunazochezea ni za FIBA, shirikisho la basketi la dunia, na hapo refa anaangalia kitendo. Kwanza, jamaa alikua anautafuta mpira kihalali? Pili, hata kama aliutafuta, nguvu alotumia imepita kiasi? Ndo maana unaeza mvuta mtu jezi taratibu, hata kuyumba hakuyumba, na bado ukapigwa hiyo faulo, kwani kwenye jezi kuna mpira? Na mwengine karuka kublok wakagongana, mshambuliaji kaanguka vibaya kweli, refa akaita faulo ya kawaida, ama akaacha mchezo uendelee kabisa kama difenda alisimama kihalali akaruka wima kwenye nafasi yake.

Inayoleta vita zaidi ni ile watu wanaita faulo ya akili. Mmepoteza mpira, wenzenu washatoka mbio, unamkumbatia mtu katikati ya uwanja ili mpate kurudi nyuma. Mtaani utapigiwa makofi lakini kitabu kinasema mguso usio na haja wa kukata shambulizi kama hilo ni faulo isiyo ya kimichezo. Ukimgusa vibaya kutoka nyuma ama ubavuni mtu anaeelekea kwenye ringi na mbele yake hakuna mlinzi, pia ni hiyo hiyo. Hizi mbili zinakoma mshambuliaji akishaanza kurusha mpira kwenye ringi, toka hapo refa anarudi kwa yale maswali mawili ya mwanzo.

Halafu kuna "sikukusudia". Haisaidii kitu kama umempiga mtu kiwiko cha nguvu. Upande wa pili pia, dakika za mwisho timu inafanya faulo makusudi kusimamisha saa na jukwaa zima linapiga kelele, kumbe difenda aliufuata mpira, hiyo ni ya kawaida tu.

Wengine wanachanganya na teknikali, ile faulo ya utovu wa nidhamu. Kumtukana refa hakuna kugusana, wapinzani wanapata frithro (mtupo wa bure) moja na mchezo unaendelea ulipokua. Isiyo ya kimichezo ndo ghali: frithro mbili kama hakua anarusha, na mpira wanabaki nao, wanaurusha kutoka pembeni upande wanaoshambulia. Ukipata mbili unatoka, na moja ukijumlisha na teknikali moja pia unatoka. Kwa hivo yule alokumbatia mtu robo ya kwanza akashangiliwa, robo ya tatu akamfokea refa akapewa teknikali, akionyeshwa njia ya nje msiseme kaonewa.