Maikrowevu na emalsheni ya mafuta ghafi: dhana potofu na ukweli

Mafuta ghafi mara nyingi hutoka kisimani yakiwa yamevurugika na maji ya chumvi hadi yakawa uji mzito wa rangi ya kahawia, ambamo matone madogo ya maji yamezingirwa na utando wa asfalteni na resini, yaani viambato vizito vya mafuta yenyewe, usioyaruhusu kuungana. Huo uji ndio emalsheni. Kuutenganisha kwa maikrowevu kumetolewa hataza, yaani haki rasmi ya uvumbuzi, nchini Marekani tangu miaka ya 1980, na bado watu wengi huelezwa kazi yake visivyo.

Dhana: Mawimbi ya maikrowevu huvunja molekuli za mafuta.
Hayana nguvu hiyo. Yanachofanya ni kuzitikisa molekuli za maji, zenye ncha chanya na hasi, na mtikisiko huo hugeuka joto. Chumvi iliyomo huongeza joto hilo, ilhali mafuta yenyewe hufyonza mawimbi kidogo sana.

Dhana: Kwa hiyo maji huchemka na mafuta hubaki baridi.
Hapa ndipo hata wataalamu huteleza. Tone lenye kipenyo cha mikromita 10 (sehemu moja ya mia ya milimita) huyapa mafuta yanayolizunguka joto lake ndani ya takriban elfu moja ya sekunde, kwa hiyo tofauti ya joto kati yao ni ndogo mno. Faida ya kweli, kwa maoni yangu, ni kwamba joto huzaliwa ndani ya emalsheni yenyewe, bila kusubiri lipenye polepole kutoka kwenye ukuta wa bomba la moto, mahali ambapo ukoko huganda na kuzuia joto.

Dhana: Gigahezi 2.45, ya maikrowevu za jikoni, ndiyo masafa (idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde) ambayo maji huyapokea kuliko yote.
Sivyo. Maji safi katika joto la kawaida hufyonza zaidi karibu na gigahezi 20, lakini mawimbi ya namna hiyo yangeishia juu juu tu. Viwanda hutumia masafa yaliyotengwa kwa kazi hizo, na mara nyingi huchagua megahezi 915 kwa sababu hupenya kina zaidi.

Dhana: Mtambo wa maikrowevu hutenganisha maji na mafuta peke yake.
Anayepika mchuzi wa nazi anajua kwamba tui likikatika mafuta hupanda juu yenyewe. Moto umefungua njia tu. Vivyo hivyo hapa: joto hupunguza mnato wa mafuta, yaani uzito unaoyazuia kutiririka, na kulegeza utando, matone huungana, kisha uzito wa maji huyashusha. Kwa kanuni ya Stokes, inayoeleza kasi ya tone dogo kushuka ndani ya kimiminika, kipenyo cha tone kikiongezeka mara mbili, kasi ya kushuka huongezeka mara nne. Tangi la kutulizia bado linahitajika, na mara nyingi kemikali pia, ingawa huenda kwa kipimo kidogo zaidi.

Weka sampuli iliyopashwa joto ndani ya chupa ya kioo uitazame ikitulia: maji hukusanyika chini, mafuta meusi hubaki juu, na katikati mara nyingi husalia tabaka jembamba la matope, lenye chembe za udongo na kutu zilizoshikilia utando, ambalo mawimbi peke yake hayaliondoi.