Pointi zikilingana, usikimbilie kuhesabu magoli

Wadau wa soka wa Mbeya naomba tuelewane, maana kila ligi ya mtaa ikiisha lazima mtu anifuate kwenye meza ya kamati, simu mkononi, "mwalimu sisi tuna magoli mengi, mnatuonea". Uyole wanasema hivyo, Mwanjelwa hivyohivyo.

Dhana: timu zikilingana pointi, dunia nzima wanaangalia magoli.

Ukweli: hiyo ni Uingereza na Ujerumani. Man City 2012 walibeba ubingwa wakiwa na pointi 89 sawa na Man United, tofauti ya magoli 64 kwa 56, basi nyie mkaona ni sheria ya FIFA. Hispania wanaanza na mlipokutana wenyewe kwa wenyewe nani alimzidi mwenzake. Msimu wa 2006/07 Real Madrid na Barcelona wote wamemaliza na pointi 76, tofauti ya magoli Barca ana +45, Madrid ana +26, kombe likaenda Madrid, kwasababu Bernabéu Madrid alishinda 2-0 halafu kule Camp Nou wakatoka 3-3. Hiyo 3-3 ndo ile Messi, dogo wa miaka 19, alifunga yote matatu, la mwisho dakika ya 90, watu mpaka leo wanaishangilia ila kikanuni haikumsaidia Barca kitu. Siku ya mwisho kamchapa Gimnàstic 5-1 ugenini, Madrid nae kamfunga Mallorca 3-1, sasa hapo Barca hata angepiga 15 ni kazi bure.

Italia ndo kabisa, tangu 2022/23 wakilingana kileleni wanacheza mechi moja ya kuamua bingwa, na wa kushuka vilevile, Verona alimshusha Spezia 2023 kwa 3-1, wote walikuwa na pointi 31. Kwahiyo kabla hujaja mezani kwangu fungua kanuni za mashindano, nakala mnapewa kabla ya msimu, wengine najua mnafungia maandazi.

Dhana: kila ligi inashusha tatu za mwisho.

Ujerumani zinashuka mbili, ya 16 inacheza mtoano na ya tatu wa daraja la pili. Na mtu wa Mbeya kabisa unaniambia hivi! Mbeya City 2023 alishukia kwenye mtoano na Mashujaa ya Kigoma, wewe ulikuwa wapi?

Dhana: anayeongoza msimamo ndo bingwa.

Marekani sahau. 2023 FC Cincinnati aliongoza wote, kombe akabeba Columbus Crew kwenye mtoano. Na huko hakuna kushuka daraja, ukiburuza mkia mwakani upo tena.

Dhana: FA, chama cha soka cha Uingereza, ndo inaendesha Premier League, ligi kuu ya huko.

Tangu 1992 ni kampuni ya klabu zenyewe, sasa hivi 20, jambo kubwa linapita kwa kura 14. Ndo maana 2024 ishu ya kuondoa VAR, yaani waamuzi wa video, waliipigia kura wao, klabu 19 zikataka ibaki, Wolves akabaki peke yake.