SEC61A1 kwenye majibu yako haina uhusiano na unga wa protini

Kila wiki dawati letu hupokea lalamiko lilelile: mtu mwenye ugonjwa wa figo ameona "SEC61A1" kwenye majibu ya jeni, akasikia kuwa ni "shida ya protini", akaanza kunywa unga wa protini. Tafadhali, acheni. Hakuna chakula kinachorekebisha jeni, na figo zilizodhoofika huzidi kulemewa na protini nyingi.

Jeni hii hutengeneza alfa, kipande kikubwa kati ya vitatu vinavyounda mlango wa Sec61, unaopitisha protini kwenye utando ulio ndani ya seli. Beta na gama ni vidogo, kila kimoja hupita kwenye utando mara moja. Alfa hupita mara 10, na tundu la mlango limo ndani yake: jembamba katikati kama kiuno cha nyigu, lenye kizibo. Protini inayotakiwa kutolewa nje ya seli huja na alama yake mbele. Insulini huanza ikiwa na asidi amino (vijenzi vya protini) 110; 24 za mwanzo ndizo alama, na hukatwa mlangoni. Ugunduzi wa alama hizi ulimpa mwanasayansi Günter Blobel Tuzo ya Nobel mwaka 1999. Asidi amino moja ya alfa ikibadilika, mfano valini ya nafasi ya 67 kuwa glisini, figo zinaweza kudhoofika polepole na damu ikapungua.

Sasa sampuli ya damu ya kipimo cha jeni. Chupa ni ya kifuniko cha zambarau. Jina kamili na tarehe ya kuzaliwa viandikwe kwenye chupa yenyewe, si kwenye mfuko. Fomu ya ridhaa iwe na sahihi. Jina la chupa likitofautiana na la fomu hata kwa herufi moja, sampuli inakataliwa na damu inatolewa upya. Kugombana na mpokeaji hakubadilishi utaratibu huu.

Majibu hupangwa kwa madaraja 5. La 3 maana yake ushahidi bado hautoshi. Si ugonjwa, na halitoshi kumpima mtoto wako. Likiwa la 4 au la 5, yaani badiliko la jeni huenda au hakika linaleta ugonjwa, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi. Msiseme "mkojo wake ni safi" mkaishia hapo: ugonjwa huu mara nyingi hauoneshi damu wala protini nyingi kwenye mkojo. Ombeni kipimo cha kreatinini ya damu, taka ambayo figo huichuja.