Je, wajua kwa nini mkate wa ruzuku Misri haukupanda bei kwa zaidi ya miaka 30?

Waarabu wengi wakitaka mkate husema khubz. Mmisri husema eish, na neno hilo limetoka kwenye mzizi uleule uliotupa sisi "kuishi" na "maisha". (Ukienda nchi za Ghuba ukaomba eish, huenda ukaletewa wali. Kila watu na kinachowaweka hai.)

Mkate wenyewe, eish baladi, ni wa duara, bapa, rangi ya kahawia, umefura katikati kama chapati iliyokubali moto. Asubuhi mjini Cairo si ajabu kumwona kijana juu ya baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshikilia chanja la mbao kichwani lililosheheni mikate, anapenya katikati ya magari kana kwamba hayapo. Mkate huo huchanwa, kisha huchotewa ful, yale maharage yanayopikwa kwa moto mdogo mpaka yakalainika. Kwa mwenye kipato kidogo hicho ndicho chakula. Nyama ni ya sikukuu.

Basi mwishoni mwa miaka ya 1980 bei ya mkate mmoja wa ruzuku ikawekwa piasta 5, na ikabaki palepale hadi Mei 2024. Piasta 100 hufanya pauni 1 ya Misri. Kwa thamani ya mwaka 2024, piasta 5 ni kama shilingi 3 za Tanzania, hata pipi hupati. Kwa nini serikali iliyoacha kila kitu kingine kipande iling'ang'ania hiyo bei moja?

Jibu liko Januari 1977. Ruzuku ya chakula ilianza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na Rais Gamal Abdel Nasser akaipanua. Chini yake yakakomaa mapatano ambayo hayakuandikwa popote: dola itawalisha, nanyi msiulize sana habari za kura. Anwar Sadat alipomrithi alikuta hazina imechakaa. Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia wakamshauri abane matumizi, na tarehe 17 Januari serikali ikatangaza kupunguza ruzuku za vyakula vya msingi, unga na mchele vikiwemo.

Kesho yake watu walijaa barabarani kuanzia Alexandria hadi Aswan. Sadat alikuwa akisifiwa kama Shujaa wa Kuvuka, kwa kuwa jeshi lake lilivuka Mfereji wa Suez katika vita na Israel mwaka 1973. Waandamanaji wakaichukua sifa hiyohiyo wakamrudishia: "Ya batal el-ubur, fein el-futur?" Ewe shujaa wa kuvuka, kifungua kinywa ki wapi? Sikiliza vina vinavyogongana, ubur na futur, hii ya pili ikiwa ndugu wa futari yetu. Mwenye njaa akishapata kina kizuri namna hiyo, kumnyamazisha ni kazi.

Zaidi ya watu 70 waliuawa katika siku 2. Jeshi liliingia mitaani, na ruzuku zikarudishwa haraka. Sadat aliyaita yale machafuko uasi wa wezi, ila somo alilipata, na waliomfuata wakalirithi: usiguse bei ya mkate.

Wakagusa mkate wenyewe. Anayenunua maandazi mtaani anaujua mchezo huu: unga ukipanda, bei inabaki, andazi linasinyaa. Mwaka 2020 uzito wa mkate wa ruzuku ulishushwa kutoka gramu 110 hadi 90, bei ileile.

Shida ni kwamba Misri, yenye watu zaidi ya milioni 100, hununua ngano nyingi kutoka nje kuliko karibu nchi yoyote duniani. Kwa hiyo foleni ya mkate Cairo hufuata mvua na vita vya mbali. Mwaka 2008 ngano ilipopanda duniani, foleni za mkate zilizaa ugomvi na watu wakafa humo; Rais Hosni Mubarak akaagiza majiko ya jeshi yaoke mkate wa raia. Mwaka 2010 ukame na moto viliikumba Urusi, nayo ikazuia ngano yake kutoka. Miezi michache baadaye, tarehe 25 Januari 2011, Wamisri walianza kumiminika uwanja wa Tahrir mjini Cairo, na siku 18 zikatosha kumwondoa Mubarak.

Wako wanaosema yale yalikuwa mapinduzi ya mkate. Mimi naona wamerahisisha mno. Mkate wa ruzuku ulikuwa bado piasta 5 siku ile. Watu walichoka na polisi wanaopiga raia hadi kufa, kama alivyouawa Khaled Said kule Alexandria mwaka 2010, na Tunisia ilikuwa imeshawaonyesha kwamba rais huondoka. Hata hivyo, kauli mbiu ya uwanjani ilipangwa hivi: "Eish, hurriya, adala igtima'iya." Mkate, uhuru, haki ya kijamii. Mkate ulitangulia.

Ndiyo maana tangazo la Waziri Mkuu Mostafa Madbouly, mwishoni mwa Mei 2024, liliwashtua wengi: kuanzia tarehe 1 Juni mkate ungekuwa piasta 20, mara 4 ya bei ya zamani. Vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha ngano, na pauni ilikuwa imeporomoka. Kwa hesabu ya Madbouly, kila mkate uliigharimu serikali piasta 125.

Safari hii Cairo haikuwaka. Nasser alitoa mkate watu wakanyamaza. Sasa maandamano karibu yote yamepigwa marufuku, kwa hiyo ukimya haununuliwi tena kwa bei ileile. Tena piasta 20 bado ni kidogo mno ukilinganisha na bei ya mkate usio na ruzuku. Na tangu 2014 mkate hutolewa kwa kadi ya elektroniki, mikate 5 kwa mtu kwa siku. Mteja anampa mwoka mikate kadi, mashine inalia, mikate inatandazwa juu ya gazeti ipoe kidogo kabla ya kwenda nayo nyumbani.